Bwana Shauri na Watu wa Kariokor

Tarehe 16 Aprili 1900 Nairobi ilipata mpaka wake wa kwanza. Kanuni zilizotangazwa siku hiyo hazikutaja mto wala kilima. Zilisema kwamba mji ni eneo lote lililo ndani ya maili moja na nusu kutoka ofisi ya naibu kamishna wa Ukamba. Naibu kamishna huyo alikuwa John Ainsworth, Mwingereza wa miaka 35, na kwa kanuni hizo mji mzima ulipimwa kuanzia mezani pake.

Kaloleni, Makadara, Jericho, Buruburu, Umoja na Dandora zote ziko nje ya duara lile. Wakati huo huko kulikuwa ni mbuga tupu, malisho ya ng'ombe wa Wamaasai, na udongo mweusi unaonata miguuni mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likishika. Hata hivyo, anayetaka kujua kwa nini Waafrika wa Nairobi walisukumwa upande ule, kwa nini nyumba za kwanza walizojengewa na halmashauri zilikuwa mabweni, na kwa nini mtaa mmoja mkongwe unaitwa Kariokor, hana budi kuanza na mtu huyu. Ainsworth alikuwa hakimu, mkusanya kodi, mkuu wa askari na mpanda miti, yote kwa wakati mmoja. Waswahili walikuwa na jina la mtu wa kazi hiyo: Bwana Shauri.

Namwandikia historia yake kwa sababu hakuwa mkatili. Nairobi ya mwanzo ilijaa Wazungu waliotembea na kiboko mkononi, na habari zao zimesimuliwa sana. Ainsworth alisikiliza kesi kwa subira, aliwakemea Wazungu wenzake walipodhulumu, na alichukiwa na walowezi kwa kuwatetea Waafrika. Lakini ni jina lake lililo chini ya waraka mmoja mbaya sana katika historia ya Kenya. Jinsi mtu wa namna hiyo alivyofika hapo inatueleza mengi kuhusu mitaa ya mashariki ya mji.

Alizaliwa mwaka 1864 karibu na Manchester, jiji la viwanda vya pamba. Ujanani alifanya kazi Kongo, kisha mwaka 1889 akafika Mombasa kuajiriwa na Imperial British East Africa Company, kampuni ya biashara iliyopewa kibali cha malkia cha kutawala nchi ambayo wengi wa wakubwa wake hawakuwahi kuiona. Mwaka 1892 akapelekwa Machakos, kituo cha bara kilichokuwa na umri wa miaka mitatu tu. Alikuta uhasama. Mtangulizi wake alikuwa amekata mti kwenye ithembo, mahali patakatifu ambapo Wakamba hutolea sadaka, ili apate mlingoti wa bendera. Watu wa Iveti hawakuwa wamelisahau jambo hilo.

Kwa miaka saba Machakos ilikuwa shule yake. Bwana Shauri alikaa barazani kuamua kesi za ng'ombe, mahari, madeni na damu. Alinunua nafaka za kulisha misafara iliyokuwa ikipita kuelekea Uganda. Alijifunza kwamba bila wazee wa mahali asingeweza kutawala hata bonde moja, maana askari wake walikuwa wachache. Alijifunza pia kutumia askari hao wachache. Watu wa Mwala na Kangundo walipokataa amri zake, misafara ya adhabu iliwaendea, nyumba zikachomwa na mifugo ikatekwa. Hili lisisahauliwe tunapofika kwenye kesi iliyompa sifa.

Kesi hiyo ilitokea Novemba 1895. Msafara wa watu zaidi ya 1,000, Waswahili wachache na Wakikuyu wengi, ulikuwa ukirudi baada ya kupeleka vyakula vya serikali Eldama Ravine. Ulipofika Bonde la Kedong, wapagazi waliokuwa na bunduki wakawavamia Wamaasai wa kambi ya jirani na kuwakamata wasichana wao. Wazee wa Kimaasai walijaribu kuwazuia morani, vijana wao wapiganaji, wakashindwa. Morani waliushambulia msafara na kuua zaidi ya watu 600. Mfanyabiashara Mskochi aitwaye Andrew Dick, aliyekuwa karibu na pale, hakungoja sheria. Akawachukua Wafaransa waliokuwa safarini, wakawafyatulia Wamaasai risasi, wakateka ng'ombe, na mwishowe Dick mwenyewe akauawa kwa mkuki.

Serikali mpya ya Himaya ilikuwa na miezi michache tu tangu ichukue nchi mikononi mwa kampuni. Mzungu alikuwa ameuawa pamoja na mamia ya watu wa msafara wa serikali. Kila kitu kilielekea kwenye vita vya kisasi dhidi ya Wamaasai. Ainsworth alikwenda kuchunguza, akasikiliza walionusurika na wazee wa pande zote, kisha akaamua kwamba wapagazi ndio walioanza. Wamaasai hawakupelekewa jeshi. Ng'ombe waliokwisha kutekwa wakahesabiwa kuwa fidia ya Wakikuyu waliopoteza watu wao, na shauri likafungwa.

Si jambo dogo. Uamuzi ule uliokoa maisha ya watu wengi, na Lenana, oloibon (kiongozi wa kiroho) wa Wamaasai, akaona kwamba serikali hii inaweza kusemezana na mtu. Miaka michache baadaye reli ilikatiza nchi ya Wamaasai bila vita. Ndiyo maana ninasema Ainsworth hakuwa mkatili: alikuwa na nafasi ya kuwa mkatili na kusifiwa, akaikataa. Lakini tazama pia nani hakupata haki siku ile. Wengi waliokufa Kedong walikuwa vijana wa Kikuyu waliobeba mizigo ya serikali kwa ujira mdogo. Mbele ya sheria walikuwa hesabu ya mizigo iliyokwama njiani, wakalipiwa ng'ombe wa watu wengine. Mpagazi atarudi katika maisha ya Ainsworth, na idadi yake itakuwa kubwa kuliko ya Kedong.

Reli ilifika kwenye mbuga ya Nairobi tarehe 30 Mei 1899. Wahandisi walihitaji uwanja tambarare wa kupanga mabehewa na karakana kabla ya kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa, na pale palikuwa na maji. Hawakuwa wakijenga mji mkuu. Mwaka huohuo Ainsworth alihamisha makao ya mkoa kutoka Machakos, lakini hakutaka kukaa chini ya amri ya watu wa reli. Akavuka mto, akajenga upande wa kilima ambacho kwa miaka mingi kiliitwa kwa jina lake na leo ni Museum Hill. Kuanzia hapo palitokea ugomvi wa kila siku: nani anatawala Nairobi? Reli ilidai ardhi ya pande zote mbili za njia yake, na wakubwa wake waliuona mji kuwa kambi yao. Ainsworth alidai kwamba ardhi ni ya serikali na sheria ni moja. Lile duara la mwaka 1900 lilikuwa jibu lake.

Mji ulikuja na njaa. Kati ya 1897 na 1900 mvua zilikosekana, nzige na maradhi ya mifugo yakaongezeka, kisha ndui. Wakamba waliuita ukame ule Yua ya Ngomanisye, njaa iliyofika kila mahali. Ardhi za Wakikuyu wa kusini ziligeuka vichaka baada ya watu kufa au kukimbia, na serikali ikaja kuwagawia walowezi kana kwamba hazijawahi kuwa na mwenyewe. Waliobaki walifuata reli kwa sababu kwenye reli kulikuwa na mchele. Kwa hiyo baadhi ya Waafrika wa kwanza wa Nairobi waliingia mjini na watoto mgongoni, wakitafuta chakula. Hawakuja kwa mkataba wa kazi, wala hawakuwa vijana peke yao kama sheria ilivyopenda kuwaona baadaye.

Ainsworth aliendesha kamati ya kwanza ya mji. Alipanda mikalitusi ikaushe mabwawa, akachora barabara, akawahimiza wenye maduka wasafishe mitaro. Miti yake ilibadilisha sura ya nchi, na watu wengi wa Nairobi hawajui kwamba mkalitusi si mti wa kwao. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika soko la Wahindi na serikali ikaliteketeza soko lote kwa moto. Baada ya hapo maneno ya afya yakawa silaha ya kugawa mji kwa rangi. Wazungu walikuwa wamekwisha kuchukua vilima vya magharibi na kaskazini, penye upepo na udongo mwekundu unaopitisha maji. Wahindi wakabanwa katikati. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson aliletwa kutoka Uingereza, akaandika ripoti iliyoshauri kila rangi ikae peke yake. Waafrika walibakishiwa mashariki, kwenye tambarare, karibu na reli iliyohitaji mikono yao na chini ya mkondo wa mto uliochukua uchafu wa wote.

Lakini kabla serikali haijaamua Waafrika wakae wapi, wao wenyewe walikuwa wamekwisha kujenga. Kandokando ya mto na mabwawa palikuwa na vijiji vilivyoitwa Mombasa, Maskini, Kaburini na Pangani. Majina yake yanaonyesha wenyewe walivyokuwa: wapagazi wa pwani waliochoka na safari, askari wastaafu, mafundi, wapishi, wachuuzi wa Kikuyu na Kikamba, na wanawake. Hasa wanawake. Wengi walikuwa wametoroka njaa, au ndoa mbaya, au ujane uliowanyima shamba. Walipika, walipikia pombe vibarua, waliuza uji na maharagwe, waliuza pia miili yao, na kwa akiba waliyoipata wakajenga nyumba za udongo zenye vyumba vingi vya kupangisha. Wengi walisilimu, wakapata kwa njia hiyo jamaa wapya na watu wa kuwazika. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake The Comforts of Home, alikusanya ushuhuda wa wanawake hao wakiwa wazee, na humo wanazungumza kwa fahari ya wenye mali.

Ningependa neno mlowezi litumiwe kwao pia. Mlowezi ni mtu aliyekuja kutoka kwingine, akakaa, akajenga, akataka kufia pale. Lord Delamere na Ewart Grogan wanaitwa walowezi bila swali. Mwanamke aliyefika Pangani na sufuria moja, akaishia kuwa na nyumba ya vyumba sita, hakupewa jina hilo, wala hati ya kiwanja. Alipewa ruhusa ya kukaa, na ruhusa huondolewa. Kwa sheria ya mji Mwafrika alikuwa mgeni aliyeitwa kufanya kazi, na kazi ikiisha alitarajiwa kurudi kijijini kwake. Sheria hiyo ilikua mikononi mwa watu kama Ainsworth, waliodhani kwa moyo mweupe kwamba kwao Mwafrika ni mashambani na kwamba mji utamharibu.

Ainsworth alipohamishwa kutoka Nairobi, hatimaye alikwenda kutawala Mkoa wa Nyanza kutoka Kisumu, na miaka yake huko ndiyo iliyokuwa bora zaidi. Alihimiza watu walime simsim, pamba na mahindi katika ardhi yao wenyewe na kuyauza kwa bei nzuri. Alitengeneza barabara. Alisema wazi kwamba nchi itanufaika zaidi Mwafrika akilima kwake kuliko akiwa kibarua kwa mlowezi, na kwa maneno hayo walowezi wakamwona adui. Nyuma yake, Nairobi, mambo yalikuwa yakienda njia nyingine. Machi 1907 Grogan, kiongozi wa chama cha walowezi, aliwatandika viboko Wakikuyu watatu waliovuta riksho, mbele ya mahakama, hadharani, huku hakimu akimsihi aache. Alihukumiwa mwezi mmoja, akautumikia katika nyumba ya kawaida badala ya jela. Gereji za pale kwenye barabara iliyobeba jina lake, leo Kirinyaga Road, bado zinaitwa Grogan na mafundi wake.

Kisha ikaja vita ya 1914. Kwenye mpaka wa kusini Waingereza walikabiliana na Wajerumani wakiongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck, na kila upande uligundua jambo moja: katika nchi yenye mbung'o wanaoua farasi na ng'ombe, na mvua zinazomeza magari, jeshi halisogei bila kichwa cha binadamu. Kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kilianzishwa chini ya Oscar Watkins, ofisa aliyejua Kiswahili vizuri. Mwaka 1915 serikali ikatunga sheria ya kuwachukua watu kwa nguvu. Malipo yalishushwa mpaka rupia 5 kwa mwezi, na 6 baada ya miezi mitatu. Kambi yao kubwa Nairobi ilikuwa mashariki ya mji, ng'ambo ya Ngara, na watu wakaiita kwa jina la kikosi kama walivyolisikia: Kariokor. Dar es Salaam wakasema Kariakoo.

Mwanzoni mwa 1917 majeshi yalikuwa yamezama kwenye matope ya Rufiji na wapagazi walikuwa wanaisha. Jenerali wa Uingereza alidai wengine kwa makumi ya maelfu. Serikali ilijua kwamba machifu na wananchi wamechoka, na kwamba amri ya kawaida haitatosha. Ilihitaji mtu ambaye Waafrika wamekuwa wakimwamini. Mwezi Machi ikamteua John Ainsworth kuwa kamishna wa kazi za jeshi.

Aliikubali kazi hiyo na kuifanya kwa bidii ileile aliyoitumia kupanda miti. Kati ya Machi na Agosti 1917 zaidi ya watu 100,000 walichukuliwa. Kila wilaya ilipangiwa idadi yake, kila chifu akapewa fungu lake. Vijana walikamatwa usiku nyumbani, walizingirwa sokoni, wengine wakaitwa kwa hila ya kwenda kupokea zawadi. Wakikuyu, Wakamba, Wameru, Wajaluo, Waluhya, Wakisii, watu wa pwani, wote walipita. Mkoa uliotoa wengi kuliko yote ulikuwa Nyanza, alikojulikana kwa miaka mingi.

Kariokor ndipo safari yao ilipoanzia. Walipangwa mistari, wakapimwa na daktari, wakachukuliwa alama za vidole, wakapewa namba, blanketi na chungu cha kupikia kwa pamoja. Kisha wakapakiwa kwenye treni kwenda Mombasa au Voi, na kutoka huko wakaingia nchi ambazo hawakujua hata majina yake. Mzigo ulikuwa ratili 50 au zaidi. Wengi hawakufa kwa risasi. Watu waliozoea wimbi, viazi, ndizi na maharagwe walipewa unga wa mahindi na wakati mfupi wa kupika, kuni zikiwa zimelowa, na ugali mbichi ukawapasua matumbo. Kuhara damu, malaria na kichomi viliwamaliza watu wa nyanda za juu katika joto la mabondeni. Madaktari waliandika haya vita ikiwa bado inaendelea, chakula kikarekebishwa polepole, na vifo vikaendelea.

Hesabu za serikali yenyewe zilikiri wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa upande wa Uingereza, na wanahistoria wengi wanaamini idadi halisi iliipita hiyo kwa mbali, kwani waliotoroka wakafia porini, na waliorudi nyumbani wakiwa mifupa mitupu wakafa baada ya wiki mbili, hawakuandikwa popote. Watkins alipigania ujira wa marehemu ulipwe kwa jamaa zao. Maelfu hawakupatikana, au hawakuambiwa, na wakubwa wa London hawakuwa tayari kuziachia fedha hizo. Kwenye Kenyatta Avenue kuna sanamu za shaba za watu watatu waliopigana na kubeba katika vita ile. Ukipita pale, mtazame yule asiye na bunduki.

Ainsworth hakuzijua nyuso zao, lakini alizijua namba, na sina shaka zilimsumbua, maana alikuwa ameitetea Nyanza dhidi ya walowezi kwa hoja kwamba watu wake wasiondolewe mashambani. Aliondoka vitani na heshima, akafanywa kamishna mkuu wa mambo ya Waafrika, mtu wa kwanza kushika cheo hicho. Waliomjua walitumaini kwamba sasa, akiwa karibu na gavana, Mwafrika atapata mtetezi.

Gavana huyo alikuwa Sir Edward Northey, na sera yake ilikuwa ya walowezi. Chini ya mpango wa mwaka 1919 askari wa Kizungu waliorudi vitani waligawiwa mashamba kwa mamilioni ya ekari. Wapagazi hawakugawiwa hata kishamba cha mboga. Walowezi wapya walihitaji vibarua, na tarehe 23 Oktoba 1919 ukatoka waraka wa kazi. Uliwaagiza maofisa wa serikali na machifu wawahimize watu wakafanye kazi kwenye mashamba ya Wazungu kwa kila njia halali. Chifu asiyesaidia aandikwe na kuripotiwa. Wanawake na watoto nao wahimizwe kwenda mashamba ya karibu. Na ikiwa hayo hayatatosha, sheria kali zaidi itatafutwa. Aliyetia saini ni John Ainsworth.

Kila aliyeijua nchi alielewa maana ya kumhimiza chifu awahimize watu. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu machifu walipohimizwa na mtu huyohuyo. Maaskofu wa Mombasa na Uganda waliandika malalamiko, ingawa walikubali kazi ya lazima kwa masharti. Askofu wa Zanzibar, Frank Weston, hakukubali hata kwa masharti. Mwaka 1920 alichapisha kijitabu kikali kilichowaambia Waingereza kwamba wanawafanya Waafrika watwana. Weston alikuwa na haki ya kusema, zaidi ya wengi waliokuwa Nairobi, kwa sababu mwaka 1916 alikuwa amewaongoza wapagazi wa Zanzibar kwa miguu ndani ya Tanganyika, akala walichokula na kulala walipolala. Mtu aliyetembea nao na mtu aliyewahesabu walitoka katika vita moja na majibu mawili. Bunge la Uingereza lilichemka, na kufikia 1921 London ikawa imebatilisha mengi ya maagizo yale. Ainsworth alikuwa amestaafu mwaka 1920, akahamia Somerset West, Afrika Kusini.

Mambo aliyoyaacha hayakustaafu. Kipande, hati yenye alama za vidole ambayo kila mwanamume Mwafrika alipaswa kuivaa shingoni ndani ya kasha la bati, kilianza kutekelezwa kwa nguvu baada ya vita, kikifuata njia iliyokwisha kujaribiwa kwa wapagazi. Harry Thuku, aliyekuwa karani wa simu wa serikali, alikusanya watu Nairobi kupinga kipande, kodi na kazi ya lazima ya wanawake. Alipokamatwa, watu walizingira kituo cha polisi, na tarehe 16 Machi 1922 polisi wakawafyatulia risasi. Serikali ilitaja waliokufa kuwa 21. Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewachochea wanaume wasirudi nyuma, alikuwa miongoni mwao. Waliokuja siku ile walikuwa wafanyakazi wa nyumbani, vibarua wa reli, wachuuzi na wanawake, watu ambao kwa sheria hawakuwa wenyeji wa mji.

Wakati huohuo Pumwani ilifunguliwa mashariki kuwa mahali pa Waafrika, na vijiji vya zamani vikaanza kubomolewa. Watu wa Mombasa na Maskini walipewa viwanja vya kujenga upya, kwa ruhusa, bila hati, na Majengo ikazaliwa. Pangani ilisimama mpaka mwisho wa miaka ya 1930. Ilipobomolewa, wenye nyumba walihamishiwa Shauri Moyo, kwenye vyumba vya halmashauri ambamo mwenye nyumba wa jana alikuwa mpangaji leo. Na Kariokor yenyewe, kambi ambamo wanaume walipangwa mistari, iligeuzwa makazi: mwaka 1929 halmashauri ilijenga pale mabweni ya vibarua. Mke na mtoto hawakuwa kwenye ramani. Wanawake wa Pumwani waliendelea kupangisha vyumba kwa wale walioachwa nje ya hesabu, nao walizidi kuwa wengi kila mwaka.

Ainsworth alikufa mwaka 1946. Mwaka huo Kaloleni ilikuwa inajengwa, kati ya mitaa ya kwanza ya Eastlands, upande huo wa mashariki, iliyopangwa kwa ajili ya familia, yenye nyumba ndogo za mawe, nafasi za kuchezea watoto na ukumbi katikati. Serikali ilikuwa imechelewa karibu miaka 50 kukiri kwamba Mwafrika wa Nairobi ana watoto. Wakazi waliuchukua ukumbi ule na kuutumia kwa mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa wanachama wa Kenya African Union (KAU) na wa East African Indian National Congress, Makhan Singh, kiongozi wa wafanyakazi, alisimama ndani ya ukumbi wa Kaloleni akadai kwamba Uingereza itangaze uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Kabla ya mwezi mmoja kupita, yeye na kiongozi mwenzake Fred Kubai wakakamatwa. Wafanyakazi wa Nairobi waligoma kuanzia tarehe 16 Mei, siku tisa, na polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi katika mitaa ya mashariki. Walitaka viongozi wao waachiliwe, na walitaka mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi, kiasi cha mtu kuishi Nairobi pamoja na jamaa yake.